Ushindani wa Mimea Inayoelea Vamizi na ya Asili Chini ya Viwango Tofauti vya Virutubisho: Ufafanuzi kwa Mfano wa Mabwawa ya Majitaka ya Vingunguti, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kiwango cha virutubisho majini kinavyoamua mshindi kati ya gugumaji, spishi vamizi yenye asili ya Amerika ya Kusini, na mimea midogo inayoelea ambayo ni ya asili katika Afrika Mashariki. Hoja ya msingi ni kwamba ushindani huu una sura mbili. Virutubisho vinapokuwa haba, mimea hushindania virutubisho vyenyewe. Vinapovuka kiwango cha kutosheka, mimea huacha kushindania virutubisho na kuanza kushindania mwanga, na hapo urefu ndio huamua. Kutokana na hoja hiyo, makala yanaonesha kwamba kupunguza virutubisho kwa nusu katika maji yaliyorutubika mno hakubadili mshindi. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti na Mto Msimbazi yametumika kama mfano rejea, na uzoefu wa Ziwa Kariba na Ziwa Viktoria umetumika kupima hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, katika Wilaya ya Ilala, hupokea majitaka yanayofika kwa mabomba, yakiwemo ya viwanda vilivyo kando ya Barabara ya Nyerere, pamoja na tope la vyoo linaloletwa na magari ya kunyonya majitaka kutoka katika makazi yasiyounganishwa na mtandao wa mabomba. Maji yanayotoka mabwawani huingia Mto Msimbazi, ambao chanzo chake kiko katika vilima vya Pugu na Kisarawe na ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Kati ya Vingunguti na bahari kuna bonde ambalo wakazi hulima mchicha, matembele na mboga nyingine kwa kumwagilia maji ya mto huohuo.

Kwa sababu hiyo, swali la mmea gani umetanda juu ya maji hayo haliwahusu wanabotania peke yao. Mabwawa ya aina hii hayana mashine. Hutegemea mambo matatu: muda, joto na jua. Katika bwawa la kwanza, ambalo ni la kina kirefu na halina oksijeni, taka nzito hutuama na kuozeshwa na bakteria. Katika bwawa la kati, mwani mdogo usioonekana kwa macho hutengeneza oksijeni kwa usanisinuru, na bakteria hutumia oksijeni hiyo kuvunjavunja taka iliyobaki. Katika mabwawa ya mwisho, yenye kina kifupi, mwanga wa jua pamoja na ongezeko la alkali linalosababishwa na mwani huua vimelea vya maradhi. Zulia la mimea inayoelea likifunika bwawa la kati au la mwisho, mwani hukosa mwanga, oksijeni hushuka, na vimelea huendelea na safari kuelekea mtoni vikiwa hai. Mlaji wa mchicha uliomwagiliwa kwa maji hayo ndiye hulipa gharama ya mwisho.

Hatua ambayo huchukuliwa kwa kawaida ni kuyang'oa magugu. Hatua hiyo ina manufaa yake, nami nitairudia mbele, lakini haijibu swali la kwa nini gugumaji hurejea na kwa nini mimea ya asili haichukui nafasi iliyoachwa wazi. Jibu liko katika maji yenyewe.

2.0 Mimea inayohusika

Gugumaji, ambalo wanataksonomia sasa wanaliita Pontederia crassipes na ambalo katika maandishi mengi bado linaitwa Eichhornia crassipes, lina asili ya bonde la Amazoni. Nchini Tanzania liliripotiwa katika miaka ya 1950 kwenye mito ya Sigi na Pangani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaenea katika Ziwa Viktoria. Huzaliana kwa njia mbili: kwa mashina tambazi yanayotoa mashada mapya ya majani pembeni mwa shada mama, na kwa mbegu zinazoweza kukaa katika tope kwa zaidi ya miaka kumi na tano zikiwa bado na uwezo wa kuota.

Mimea ya asili inayoelea ina maumbo tofauti kabisa. Lemna, Spirodela na Wolffia ni za jamii moja. Lemna ni kijani bapa chenye upana wa milimita chache na mzizi mmoja unaoning'inia, ilhali Wolffia ni ndogo kuliko mmea mwingine wowote utoao maua duniani. Azola ni jamii ya kangaga. Azolla nilotica na aina ya kiafrika ya Azolla pinnata ni wenyeji wa ukanda huu. Azola zote hubeba ndani ya majani yao bakteria wa kijani-bluu wenye uwezo wa kunasa naitrojeni kutoka hewani, jambo ambalo litakuwa na uzito mkubwa katika sehemu ya tano.

Pistia stratiotes, mmea unaofanana na kabichi ndogo iliyofunguka, unahitaji tahadhari. Waandishi wengi huuhesabu kuwa wa asili Afrika, na ushahidi wa maandishi ya kale kuhusu Misri, yakiwemo ya Pliny wa karne ya 1, huunga mkono msimamo huo. Kwa upande mwingine, wadudu wengi wanaoutegemea mmea huu peke yake hupatikana Amerika ya Kusini, na mmoja wao, fukusi aitwaye Neohydronomus affinis, amepelekwa katika nchi kadhaa za Afrika kwa lengo la kuudhibiti. Katika makala haya Pistia inachukuliwa kuwa mwenyeji wa muda mrefu. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba uenyeji si sawa na kutokuwa na madhara: viluwiluwi vya mbu wa jenasi Mansonia hujishikiza kwenye mizizi ya Pistia na kuvuta hewa kutoka ndani ya tishu za mmea, bila kulazimika kupanda juu ya maji.

3.0 Kinachoshindaniwa

Msingi wa kinadharia wa mjadala huu ni kazi ya Tilman (1982) kuhusu ushindani wa rasilimali. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, kila spishi ina kiwango cha chini cha rasilimali ambacho kwacho ukuaji wake hulingana na upotevu wake. Chini ya hapo, spishi hupungua. Spishi mbili zikitegemea rasilimali moja iliyo haba, ile yenye kiwango cha chini zaidi hushinda, kwa kuwa huivuta rasilimali hadi mahali ambapo mwenzake hawezi kuishi. Nadharia hii ni safi na inatabirika, lakini ina sharti moja ambalo mara nyingi husahaulika: rasilimali inayozungumzwa lazima iwe ndiyo inayozuia ukuaji.

Sharti hilo ndilo linalovunjika katika majitaka. Majaribio ya Reddy na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1989 na 1990 yalionesha kwamba uzito wa gugumaji huongezeka kadiri naitrojeni inavyoongezeka hadi takriban miligramu 5.5 kwa lita, na kadiri fosforasi inavyoongezeka hadi takriban miligramu 1 kwa lita. Zaidi ya hapo, kuongeza kirutubisho hakuongezi tena uzito kwa namna ya maana. Mmea huendelea kukihifadhi ndani ya tishu zake tu. Kiwango hicho ndicho ninachokiita hapa kiwango cha kutosheka.

Sasa tulinganishe. Majitaka ya kawaida ya majumbani huwa na naitrojeni ya makumi ya miligramu kwa lita na fosforasi ya miligramu kadhaa. Tope la vyoo linalomwagwa na magari lina amonia nyingi kuliko majitaka ya bomba. Damu na samadi, ambazo ni taka za kawaida za machinjio yoyote, nazo ni utajiri mtupu wa naitrojeni. Kwa hiyo maji yanayoingia katika mfumo wa aina ya Vingunguti yako juu ya kiwango cha kutosheka mara nyingi.

Matokeo yake kimantiki ni haya. Tuseme usafishaji umepunguza naitrojeni kutoka miligramu 40 hadi 20 kwa lita. Kwa mhandisi, hayo ni mafanikio ya asilimia 50, na anastahili kuyaripoti. Kwa gugumaji, hakuna kilichotokea. Lilikuwa limeshiba kwa miligramu 40, na kwa 20 bado limeshiba. Mimea ya asili nayo haikupata nafuu yoyote, kwa sababu kilichokuwa kinaizuia hakikuwa naitrojeni. Nafuu huanza tu pale kiwango kinaposhuka karibu na miligramu tano na kuendelea chini. Uhusiano kati ya juhudi ya usafishaji na matokeo ya ushindani si mstari ulionyooka. Ni kama ngazi yenye kidato kimoja kirefu, na anayekaribia kidato hicho bila kukishuka huona kana kwamba juhudi zake hazina maana.

Upande wa juu pia una mpaka. Katika bwawa la kwanza, amonia inaweza kuwa kali kiasi cha kuunguza mizizi ya mimea yote, vamizi na ya asili. Ushindani unaojadiliwa hapa ni wa mabwawa yanayofuata na wa mto.

4.0 Urefu wa kikonyo

Virutubisho vikishatosheleza kila mmea, kinachobaki kugombewa ni mwanga na nafasi. Hapa tofauti ya maumbo iliyotajwa katika sehemu ya pili inageuka kuwa hukumu.

Gugumaji lina sifa ambayo mimea midogo haina: hubadili umbo lake kulingana na mazingira. Likiwa peke yake katika maji wazi, vikonyo vya majani yake huwa vifupi na vilivyovimba kama kibuyu, vikiwa vimejaa hewa ya kulifanya lielee na kusambaa kwa upana. Likisongamana na wenzake, vikonyo hivyo hurefuka, hupoteza uvimbe wake, na majani hupandishwa juu hadi kufikia karibu mita moja kutoka usawa wa maji. Mizizi nayo hubadilika kinyume chake. Katika maji maskini mmea hutoa mizizi mirefu yenye manyoya mengi, ukitafuta chakula. Katika maji yenye rutuba mizizi hufupika na sehemu kubwa ya tungamo huelekezwa juu, kwenye majani. Kwa maneno mengine, maji yenye rutuba humlipia gugumaji gharama ya kujenga ghorofa.

Agami na Reddy (1990) walizipanda Pistia na gugumaji pamoja katika maji yaliyorutubishwa na kuonesha jambo hilo waziwazi. Pistia ikiwa peke yake ilistawi vizuri. Zilipowekwa pamoja, gugumaji lilirefusha vikonyo vyake na kuitia Pistia kivulini, na Pistia ikapungua. Haikufa kwa njaa, kwa kuwa chakula kilikuwepo, ilikosa mwanga.

Hali ya Lemna ni ya kufundisha zaidi kwa sababu Lemna hukua kwa kasi kuliko gugumaji. Katika mazingira mazuri hujizidisha maradufu kwa siku mbili hadi nne, ilhali gugumaji huhitaji wiki moja hadi mbili. Mtu angedhani mwenye kasi angeshinda. Lakini Lemna haina ghorofa. Hata ikifunika uso wote wa maji kwanza, haiwezi kulizuia gugumaji kutoboa zulia hilo na kupanda juu yake. Jani la Lemna linalala juu ya maji. Jani la gugumaji linasimama juu ya jani la Lemna. Kasi humpa Lemna mwanzo mzuri, wala si ushindi wa kudumu.

Rutuba ikipungua, taswira hugeuka. Gugumaji lenye njaa huwa dogo, lenye majani machache na mizizi mirefu, na kivuli lake huwa chepesi. Sitaki kusema kwamba hapo mimea ya asili hushinda moja kwa moja, maana gugumaji nalo lina uwezo mzuri wa kufyonza virutubisho katika viwango vya chini. Linachopoteza ni silaha yake, yaani urefu. Ushindani hurejea kuwa wa aina aliyoieleza Tilman, na humo Lemna, Pistia na azola angalau zina nafasi ya kuishi kando ya gugumaji badala ya kuishi chini yake.

5.0 Naitrojeni na fosforasi hazitembei pamoja

Ni desturi katika taarifa za mazingira kusema "virutubisho" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa azola, kosa hilo lina gharama. Kwa kuwa azola hupata naitrojeni yake kutoka hewani kupitia bakteria anaowabeba, haitegemei naitrojeni ya majini; inachokihitaji mno kutoka majini ni fosforasi. Katika maji yenye fosforasi ya kutosha lakini yenye naitrojeni haba, azola hukua wakati wenzake wote wanadumaa. Katika maji yenye naitrojeni tele, kipaji chake hakina thamani.

Katika mfululizo wa mabwawa, naitrojeni ina milango mingi ya kutokea kuliko fosforasi. Amonia hupeperuka hewani maji yanapokuwa na alkali, na bakteria hubadili nitrati kuwa gesi. Fosforasi haina umbo la gesi linaloweza kuondoka nalo kwa kiasi cha maana. Ama hutuama katika tope ama huendelea na maji. Kwa hiyo, uwiano wa naitrojeni kwa fosforasi unatarajiwa kushuka kadiri maji yanavyosonga kutoka bwawa moja hadi jingine. Mtafiti akipima jumla ya virutubisho tu ataona mteremko mmoja. Akipima uwiano, ataona kwamba kila bwawa ni uwanja wa mashindano yenye kanuni zake, na kwamba bwawa la mwisho huenda likamfaa azola kuliko la kati, hata kama vyote viwili bado viko juu ya mahitaji ya gugumaji kwa fosforasi.

Hili lina maana pia kwa wanaopendekeza kudhibiti kirutubisho kimoja pekee. Kuondoa naitrojeni bila kuigusa fosforasi kunaweza kumdhoofisha gugumaji na kumkaribisha azola. Zulia likabadilika rangi, kivuli kikabaki.

6.0 Muda: mvua, mafuriko na kung'oa

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba maji yametulia. Dar es Salaam ina masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba, na Msimbazi ni mto wa mafuriko. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengi katika bonde hilo. Kwa mimea inayoelea, furiko ni ufagio: huisomba yote, vamizi na ya asili, na kuitupa mikokoni na baharini. Gugumaji halivumilii chumvi, hivyo linalofika kwenye maji ya bahari hufa. Lakini mbegu zilizo katika tope na vipande vilivyonasa pembeni hubaki.

Furiko likipita, mashindano huanza upya kutoka karibu na sifuri, na hapa kasi ya Lemna hupata maana. Chukua mfano wa kinadharia: Lemna inajizidisha maradufu kila siku tatu, gugumaji kila siku kumi na mbili, na kila moja inaanza na asilimia 1 ya uso wa bwawa. Baada ya siku 18 Lemna itakuwa imefikia asilimia 64, na gugumaji halijafika asilimia 3. Kufikia asilimia 64, gugumaji linahitaji siku 72. Kati ya siku ya 18 na ya 72 kuna dirisha la takriban wiki nane ambalo mmea wa asili unautawala uso wa maji. Hesabu hii haijajumuisha usongamano wala kivuli, na haikukusudiwa kutabiri tarehe. Inaonesha tu kwamba mshindi hutegemea pia urefu wa kipindi kati ya usumbufu mmoja na mwingine.

Kung'oa kwa mikono ni usumbufu wa aina hiyohiyo, ila wenye ubaguzi, kwa kuwa mng'oaji anaweza kuliondoa gugumaji na kuiacha Lemna. Kwa mfano huohuo, bwawa linalong'olewa hadi asilimia 1 kila baada ya wiki sita halitaona gugumaji likivuka asilimia 11 au 12. Likingojewa miezi mitatu, kazi itakuwa ya kuondoa zulia zima. Tofauti kati ya utaratibu huu na kampeni ya mara moja kwa mwaka ni kubwa, ingawa idadi ya vibarua na siku za kazi kwa mwaka inaweza kulingana. Zaidi ya hayo, magugu yaliyong'olewa yasirundikwe ukingoni. Gugumaji ni maji kwa takriban asilimia 95, lakini naitrojeni na fosforasi lililozifyonza zimo katika asilimia iliyobaki, na rundo likioza kando ya bwawa, mvua ya kwanza huzirudisha zilikotoka.

7.0 Kariba na Viktoria kama vipimo vya hoja

Hoja inayojengwa kwa majaribio ya ndoo ni lazima ipimwe kwa maziwa halisi. Bwawa la Kariba, katika Mto Zambezi, lilianza kujaa mwishoni mwa mwaka 1958. Misitu na nyasi zilizozamishwa zilioza na kuachia virutubisho vingi, na mwaka 1959 kangaga vamizi kutoka Brazili, Salvinia molesta, akaonekana. Kufikia mwaka 1962 alikuwa amefunika zaidi ya asilimia 20 ya ziwa. Kisha akapungua. Panzi aitwaye Paulinia acuminata alipoletwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kupungua kulikuwa kumekwishaanza, na hazina ya virutubisho iliyotokana na kuzamishwa kwa ardhi ilikuwa ikiisha. Mchango wa panzi umejadiliwa. Kwamba mteremko wa rutuba ulitangulia ndilo jambo linalotuhusu.

Ziwa Viktoria linatoa ushahidi mgumu zaidi. Fukusi wawili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, waliachiwa kuanzia mwaka 1995, na mwishoni mwa muongo huo gugumaji lilipungua kwa kasi. Williams na wenzake (2005) walihoji kama sababu ilikuwa fukusi au hali ya hewa ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Wilson na wenzake (2007) walijibu kwamba fukusi ndio walioshinda. Nikiusoma mjadala huo, naona hoja ya fukusi ina nguvu zaidi, kwa sababu gugumaji lilipungua pia katika maeneo mengine ya dunia walikopelekwa fukusi bila El Niño. Hata hivyo, Ghuba ya Winam nchini Kenya, inayopokea maji ya mashamba na ya Jiji la Kisumu, iliona gugumaji likirejea kwa wingi baada ya mvua za mwaka 2006. Fukusi walikuwepo. Rutuba nayo ilikuwepo. Heard na Winterton (2000) walishaonesha kwamba athari ya fukusi kwa gugumaji hutegemea hali ya virutubisho: mmea ulioshiba hutoa majani mapya haraka, na hivyo hufidia sehemu ya kile kilicholiwa.

Pale ambapo zulia la gugumaji lilivunjika katika Ziwa Viktoria, mara nyingi mrithi hakuwa Pistia wala Lemna, bali nyasi ya Vossia cuspidata, ambayo ni ya asili, ikitumia gugumaji linalooza kama sakafu ya kuotea. Mwenyeji huyu alifanikiwa kwa sababu naye ni mrefu. Jambo hilo linaikubali hoja ya sehemu ya nne kwa namna ambayo sikuitarajia nilipoanza kusoma fasihi hii: katika maji yaliyoshiba, asili ya mmea haina kauli kubwa, kimo ndicho chenye kauli.

8.0 Namna ya kuupima ushindani huu

Majaribio mengi ya ushindani wa mimea hufuata muundo wa de Wit (1960), ambamo jumla ya mimea katika chombo haibadiliki na uwiano wa spishi ndio hubadilishwa. Kwa mimea inayoelea muundo huo una udhaifu wa wazi. Shada moja la gugumaji na kijani kimoja cha Lemna haviwezi kuhesabiwa kuwa "mmoja" na "mmoja". Msingi wa ulinganisho uwe uzito mkavu, ukiambatana na eneo lililofunikwa.

Udhaifu wa pili ni wa virutubisho. Chombo kinachorutubishwa mara moja mwanzoni huanza kikiwa bwawa la Vingunguti na huisha kikiwa chemchemi ya Pugu, kwa kuwa mimea huvila virutubisho kadiri siku zinavyopita. Matokeo yake ni wastani wa hali mbili tofauti, yaani ushindani wa mwanga na ushindani wa chakula, ukiripotiwa kama hali moja. Maji yapaswa kubadilishwa kila baada ya siku chache ili kiwango kishikiliwe. Udhaifu wa tatu ni wa chombo chenyewe: kuta ndefu hutia kivuli, na chombo chembamba humlazimisha gugumaji kurefuka mapema kuliko lingefanya bwawani.

Kuhusu uteuzi wa viwango, fasihi iliyopitiwa inapendekeza kwamba vingi viwekwe chini ya miligramu 10 za naitrojeni kwa lita, ambako mshindi anaweza kubadilika, na vichache tu juu ya hapo. Tafiti zinazogawa viwango kwa vipimo sawa kutoka sifuri hadi mia hutumia sehemu kubwa ya vyombo vyao mahali ambapo hakuna kinachobadilika.

9.0 Maana yake kwa Vingunguti

Ushindi wa mmea wa asili si lengo la kila bwawa. Katika bwawa la kati na mabwawa ya mwisho, zulia la Lemna nalo hukinga jua, na pale ambapo kuua vimelea kwa jua ndiyo kazi ya bwawa, uso wazi ni bora kuliko zulia lolote. Lemna inaweza kuwa na kazi katika bwawa moja lililotengwa, ikivunwa mara kwa mara ili kuondoa naitrojeni na fosforasi, hasa kwa kuwa uvunaji wake hauhitaji zaidi ya wavu. Ikiachwa bila kuvunwa, hufa, huzama na kuvirudisha virutubisho majini.

Mtoni hali ni nyingine. Huko jua halitegemewi kusafisha kwa kiwango hicho, na kinachotafutwa ni kuzuia gugumaji lisizibe makalavati na mifereji kabla ya masika. Mabwawa yenye rutuba ni kitalu, na mto ni barabara inayosambaza miche. Kwa kuwa kushusha naitrojeni ya mfumo mzima chini ya miligramu tano ni kazi ya miaka na ya fedha nyingi, wavu wa kunasa vipande vya gugumaji unapaswa kuwekwa kwanza kwenye mdomo wa bwawa la mwisho, kabla maji hayajaingia Msimbazi, na usafishwe kila wiki kuanzia Februari, kabla mvua za masika hazijaanza.